Duka limenikatalia waranti ya mashine ya kukata nyasi, wanasema niliiendesha bila oil. Naanzia wapi?

#1 Kihonda Juu
Wakuu, salamu. Naomba nilieleze jambo langu kwa mpangilio, maana hii ni wiki ya pili silali vizuri.

Februari nilinunua mashine ya kukata nyasi ya kusukuma, ya petroli, injini ya stroku nne, kwenye duka moja Kariakoo. Shilingi 1,150,000. Risiti ya EFD ninayo, na kadi ya waranti ya miezi 12 imegongwa muhuri. Mwisho wa Juni nikiwa nakata nyasi hapa nyumbani Morogoro, ikaanza kugonga. Sekunde mbili tatu tu, kikafuata kishindo kimoja, ikazima. Kuinama nakuta ubavuni mwa bloku ya injini kuna tundu, dole gumba linaingia, oil inachuruzika kwenye ukoka.

Nikaituma Dar. Wakaifungua mimi sipo. Jibu la kwanza: "Imeendeshwa bila oil, tumekuta kama kijiko kimoja tu ndani, waranti haihusiki." Nikawauliza, injini iliyotoboka mnapimaje oil yake? Kimya siku nne. Kisha likaja jibu la pili: imetumika kibiashara, na waranti yao ni ya matumizi ya nyumbani. Hilo wamelitoa kwenye picha niliyowatumia mimi mwenyewe, mashine ikiwa kwenye uwanja wa kanisa. Kanisani nakata Jumamosi, mara mbili kwa mwezi, na silipwi hata senti.

Oil: siku ya kununua aliyeweka ni kijana wa duka. Mwisho wa Machi nikamwaga, nikaweka mpya mwenyewe.

Nataka kujua kiufundi nani ana haki, na kisheria nianzie wapi.

#2 FundiGerezani
Mkuu pole. Usibishane na maneno yao, waombe chuma. Konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), bolti zake mbili, na krenki (mhimili unaozungushwa). Wakupigie picha au uende mwenyewe uvione.

Injini ndogo zikinoki zinaacha alama. Ikikosa oil, lile jicho kubwa la konrodi linashika kwenye pini ya krenki. Konrodi za mashine hizi nyingi ni aluminiamu, kwa hiyo inayeyuka na kupakaa kwenye pini kama siagi kwenye mkate, na mara nyingine utaona chuma kimegeuka bluu kwa joto. Sasa ukikuta pini ni safi, inang'aa, na bolti moja imetoka nzima, hesi zake (michirizi ya kukazia) hazijavuliwa, hapo bolti ililegea yenyewe. Hilo ni la kiwandani, si lako.

Tundu ubavuni ni konrodi iliyokatika ikapiga bloku. Lenyewe halisemi chochote kuhusu oil.

#3 Mama Ukoka
Pole kaka. Mimi yalinikuta na ile ya kubeba begani, ya stroku mbili. Ikafa mwezi wa tatu. Dukani wakatoa pistoni, ina michirizi upande mmoja kama imekwaruzwa na paka, wakasema sikuchanganya oil. Nilichanganya! Ila kijana wa duka aliniambia kwa mdomo lita moja ya petroli mililita 20 za oil, na kitabu nilichokuja kukisoma baadaye kinasema 25 kwa 1, yaani mililita 40. Nusu ya kinachotakiwa. Nikarudi kumdai yule kijana, nikaambiwa hayupo tena, na chupa ya oil nilishaitupa. Nikaondoka mikono mitupu.

Kwa hiyo nakuuliza: ile oil ya Machi ulinunua wapi, na risiti unayo?

#4 Limuru Baridi
Hapa kwetu Limuru boma nyingi ziko kwenye mteremko na hii shida naijua sana. Injini hizi hazina pampu ya oil kama ya gari. Kuna kigurudumu chenye mapezi kule chini, kinachota oil na kuirusha juu. Ukikata ukiwa umeinamisha mashine muda mrefu, oil inakimbilia kona moja, kigurudumu kinarusha hewa. Unapima oil iko sawa kabisa, lakini konrodi inakauka. Vitabu vingi vinakataza kupita nyuzi 15. Shamba lako liko vipi, ndugu?

#5 Kihonda Juu
@Mama Ukoka, oil nilinunua kituo cha mafuta, risiti ipo, ni oil namba 40 (namba ya uzito wake), lita moja. Nilitumia kidogo zaidi ya nusu lita kama kitabu kinavyosema. Iliyobaki ipo stoo.
@Limuru Baridi, kwangu ni tambarare. Mteremko nikiutaka inabidi niupandie Uluguru.
@FundiGerezani, nimewaandikia WhatsApp kuomba picha za konrodi. Tiki mbili za bluu, jibu bado.

#6 Mjukuu wa Chogo
Namba 40? Vitabu vingi vya mashine hizi vinataka namba 30. Hapo wamekupata mkuu.

#7 FundiGerezani
@Mjukuu wa Chogo, usimtishe mwenzio. Kwa joto la Morogoro na Dar namba 40 haiui injini ndani ya miezi mitatu. Jenereta ngapi mjini zinatembea na namba 40 mwaka wa sita huu?

#8 Mjukuu wa Chogo
Sijasema inaua. Nasema waranti inasoma kitabu, haisomi jenereta za mjini. Wakiona namba 40 watasema hukufuata maelekezo. Ni vitu viwili tofauti, kinachoua injini na kinachoua waranti.

#9 FundiGerezani
Hapo nakubali.

#10 Dereva wa Mikumi
Naomba niulize kitu ambacho hakuna aliyeuliza. Mashine ilifikaje Morogoro?

#11 Kihonda Juu
Kwa basi. Ndani ya buti.

#12 Dereva wa Mikumi
Imesimama au imelazwa? Na oil ilishawekwa dukani?

#13 Kihonda Juu
Oil ilishawekwa, waliiwasha mbele yangu kuijaribu. Kwenye buti iliwekwa na kondakta, sikuona alivyoiweka. Nilipoipokea ilikuwa imeegemea magunia. Na nikumbuke vizuri, siku ya kwanza kuiwasha nyumbani ilitoa moshi mweupe mzito kama dakika nne, nikadhani ni kawaida ya kitu kipya.

#14 Dereva wa Mikumi
Nimebeba mizigo miaka 11. Hizi mashine zinatoka kiwandani hazina oil ndani, kwa sababu hii hii. Ukiweka oil halafu ukailaza kwa saa nne, oil inapanda kwenye silinda, inaingia ea klina (chujio la hewa) na ekzosi. Moshi mweupe uliouona ni oil yako inaungua. Sasa piga hesabu, ilibaki kiasi gani chini?

#15 Mama Ukoka
Jamani, Dereva amefungua kesi upya.

#16 Kihonda Juu
Lakini mwisho wa Machi nilibadilisha oil yote. Ikafanya kazi Aprili, Mei na Juni bila tatizo. Kama ni buti la basi, si ingekufa Machi?

#17 FundiGerezani
Si lazima. Injini mpya saa za kwanza ndizo za kulainishana. Ikitembea saa mbili na oil pungufu, pini inachubuka kidogo. Unakuja kuweka oil nzuri, inaendelea, lakini mchubuko ule unakula konrodi taratibu. Inaweza kufika miezi mitatu.

Swali langu: ulipomwaga ile oil ya kwanza Machi, ilikuwa kiasi gani? Na ilikuwa na vumbi linalong'aa?

#18 Kihonda Juu
Nilimwaga kwenye kopo la rangi. Kiasi sikupima. Kung'aa ndiyo, ilikuwa na uji wa fedha hivi ukiitazama juani. Nilisoma kwamba oil ya kwanza huwa hivyo.

#19 FundiGerezani
Ni kweli huwa hivyo. Ndiyo maana vitabu vingi vinataka oil ya kwanza imwagwe baada ya saa 5 tu. Wewe ulimwaga baada ya saa ngapi?

#20 Kihonda Juu
Nadhani saa nane au tisa za kukata.

#21 Limuru Baridi
Hapo hata mimi ningekuwa nimechelewa. Wengi wetu tunasoma kile kitabu mashine ikishakufa.

#22 Wakili Mtaani
Nimesoma kote. Wakuu mnamhukumu mteja. Turudi nyuma. Duka liliuza mashine, likaweka oil, likajua inapanda basi kwenda Morogoro, halikusema "usiilaze" wala halikuimwaga oil. Hata kama Dereva yuko sahihi asilimia mia, kosa hilo ni la nani?

Kwa Tanzania kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Bidhaa inayouzwa dukani inatakiwa iwe na ubora unaokubalika na ifae kwa kazi uliyomweleza muuzaji. Hilo halitokani na kadi ya waranti, lipo hata kama kadi isingekuwepo. Na kuna Sheria ya Ushindani ya 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, FCC. Ina sehemu nzima ya masharti yanayochukuliwa kuwa yamo kwenye mikataba ya walaji. Andika malalamiko FCC, ambatisha risiti, kadi, na majibu yao yote mawili.

#23 Mjukuu wa Chogo
Na lile bango la "mali ikishauzwa hairudishwi"? Kila duka Kariakoo lipo.

#24 Wakili Mtaani
Bango ni rangi na ubao. Linamzuia mtu aliyebadili mawazo tu, kanunua kijani anataka nyekundu. Kitu kibovu ni habari nyingine.

#25 Mnyalu74
Wakili, kwenye karatasi ni sawa. Mimi nilidai friji. Nilishinda hoja, nikashindwa nauli. Iringa hadi Dar mara tatu, kila nikifika mhusika katoka. Kihonda, piga hesabu mapema: injini tupu bei gani, na safari bei gani. Haki ikikugharimu kuliko mashine, utakaa nayo ukutani kama picha.

#26 Limuru Baridi
Huku Kenya angalau kuna Mahakama ya Madai Madogo. Dai lisizidi shilingi milioni moja za Kenya, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Halafu Katiba yenyewe, kifungu cha 46, inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Jirani yangu alimpeleka muuza pampu ya maji. Alipata pesa yake.

#27 Mnyalu74
Ndani ya siku 60 kweli?

#28 Limuru Baridi
Kidogo ilipita. Lakini alipata.

#29 Columbus Mkata Nyasi
Salamu kutoka Ohio. Mimi hii ndiyo kazi yangu tangu nifike Marekani, naingia kwenye yadi za watu kuanzia Aprili hadi Oktoba.

Nizungumzie hilo la pili, "matumizi ya kibiashara". Hapa ni mtego wa kawaida. Mashine ya nyumbani inapewa waranti miaka miwili au mitatu, lakini maandishi madogo yanasema ukiitumia kwa kazi ya kulipwa inashuka hadi siku 90. Mwaka wa kwanza nilinyimwa hivyo. Nilifika kwa wakala na pikapu yangu ina stika ya namba ya simu na bei ya kukata yadi. Yule mzee hakufungua hata boneti ya mashine, alisoma stika tu. Na alikuwa sahihi, kwa hiyo nilinyamaza.

Wewe hulipwi, kwa hiyo soma kadi yako neno kwa neno. Inasema "biashara", "kukodisha", au "nje ya makazi"? Kama ni neno la mwisho, kanisa limekuponza. Kama ni biashara, muombe mchungaji akuandikie barua kwamba ni kujitolea.

Hapa pia kuna sheria ya mwaka 1975, Magnuson-Moss. Inalazimisha kampuni ithibitishe kwamba kosa ni la mteja.

#30 Wakili Mtaani
Asante kwa uzoefu. Ila sheria ya Ohio haivuki bahari hadi Kariakoo. Na nijuavyo, hiyo Magnuson-Moss inajulikana zaidi kwa kuzuia kampuni isikulazimishe kutumia vipuri au fundi wa chapa yake ili waranti iendelee. Hilo la nani athibitishe sina hakika kama ndivyo ilivyoandikwa.

#31 Columbus Mkata Nyasi
Umenisahihisha, nimeichanganya. Ni hilo la vipuri. Oil yoyote inayokidhi kiwango cha kitabu inatosha, hawawezi kukuuzia ya kwao kwa nguvu.

#32 Bin Maskati
Assalaam aleikum. Huku Oman mambo haya tunayapeleka Mamlaka ya Kulinda Watumiaji, sheria yake ni ya mwaka 2014. Nilinunua mashine ya bustani ya mitende, gavana yake (kidhibiti mbio) ikaharibika, injini ikawa inalia kama ndege inataka kupaa, konrodi ikakatika. Wakala akasema oil. Mkaguzi akamuuliza swali moja: pini imeungua? Haikuungua. Ilikatika kwa mbio. Nikapewa nyingine.

Nakuuliza ndugu yangu, kabla haijafa, sauti ilipanda?

#33 Kihonda Juu
Waaleikum salaam. Sauti haikupanda. Ilikuwa kugonga tu, kok kok kok, kisha kishindo.

Wakuu nimekumbuka kitu. Pale ilipofia, ukoka umekufa. Nimetoka kupiga picha sasa hivi. Doa lina upana wa sinia la pilau, majani yamekuwa kahawia mpaka kwenye mizizi, udongo ukiushika unateleza, na ukiunusa ni oil. Kijiko kimoja kinaweza kufanya hivyo?

#34 FundiGerezani
Mkuu, hiyo picha ingekuwa ya kwanza kwenye uzi! Wao wanasema kijiko kimoja, ardhi inasema vingine. Weka futi kamba au rula pembeni, piga tena, na tarehe ionekane.

#35 Mjukuu wa Chogo
Watasema ulimwaga baadaye.

#36 Mama Ukoka
Watasema. Lakini kaka ana ile chupa ya lita moja stoo, alitumia nusu na kidogo mwezi Machi, iliyobaki ipo. Kama angemwaga baadaye, iliyobaki ingepungua. Usiiguse hiyo chupa, kaka. Itie kwenye mfuko, ifunge.

#37 Limuru Baridi
Mwagia kipimo kilekile sehemu nyingine ya ukoka, ulinganishe madoa baada ya wiki mbili.

#38 Mama Ukoka
Haya, mwanaume aue bustani nzima kwa ajili ya ushahidi. Na usimwambie atumie ile ya chupa!

#39 Limuru Baridi
Nyasi inarudi, mama. Nyasi ya huku kwetu nyanda za juu imepelekwa hadi Australia na California, huko wanaiita kikuyu, na wengine wanahangaika nayo hawaiwezi. Doa moja si kitu.

#40 Columbus Mkata Nyasi
Kikuyu ya California naijua kwa picha tu, na hainivutii. Bledi inajaa. Halafu tukiwa kwenye habari za mashine, Honda waliacha kabisa kutengeneza mashine za petroli za kusukuma kule North Carolina Septemba 2023. Wengi hapa wanahamia za betri. Betri haina oil ya kugombania.

#41 Mnyalu74
Betri ikifa ndani ya waranti watasema uliichaji vibaya. Turudini kwa Kihonda.

#42 Kihonda Juu
Wakuu, nimetoka Dar leo. Mnyalu, nauli imenitoka kweli, lakini nimeviona vyuma.

Konrodi imekatika vipande viwili. Pini ya krenki ina aluminiamu iliyopakaa upande mmoja tu, upana wa kucha, upande wa pili unang'aa. Rangi ya bluu sijaiona. Bolti moja imekatika katikati. Ya pili ni nzima, imenyooka, nimeizungusha kwa vidole kwenye tundu lake ikaingia hadi mwisho bila kukwama. Picha zote ninazo.

Nikiwa pale mteja mwingine alikuwa anachukua mashine kama yangu. Kijana akaweka oil kwa chupa ya maji ya kunywa, kwa macho, hakuchomoa kijiti cha kupimia. Mteja anapeleka Tanga. Nikamfuata nje nikamwambia aimwage oil au aisimamishe njia nzima.

#43 FundiGerezani
Bolti nzima, hesi nzima. Hiyo ililegea, mkuu. Mimi nimemaliza.

#44 Dereva wa Mikumi
Na aluminiamu iliyopakaa umeisahau? Pini imeshika kwanza, ikatikisa, bolti ikajilegeza. Oil ilipungua siku ya kwanza, nasimama hapohapo.

#45 FundiGerezani
Au bolti ililegea kwanza, jicho likapanuka, likaanza kugonga, joto likapanda, ikapakaa. Ndiyo maana ni upande mmoja. Ikikosa oil inapakaa pini nzima.

#46 Dereva wa Mikumi
Inapakaa pale penye uzito zaidi. Umefungua injini nyingi, na mimi nimezibeba nyingi.

#47 Bin Maskati
Nyote wawili mnaelekea kwa muuzaji. Mmoja kiwandani, mmoja kwa kijana wa chupa ya maji.

#48 Mjukuu wa Chogo
Isipokuwa ile oil ya Machi iliyochelewa, na namba 40. Hayo ni ya mteja, na watayashika.

#49 Wakili Mtaani
Watayashika, ndiyo. Lakini sababu yao ya kwanza ilikuwa "hakukuwa na oil", si "oil ilichelewa". Ya pili biashara. Wakileta ya tatu, andika tarehe ya kila moja. Anayebadili sababu kila akiulizwa, andiko lake lenyewe linamsemea vibaya. Walisemaje leo?

#50 Kihonda Juu
Meneja amenipa kitu kimoja: nilipe nusu ya bei ya injini mpya, shilingi 290,000, wao watoe nusu na wafunge bure. Lakini kuna karatasi ya kusaini, imeandikwa kwamba nakubali tatizo lilitokana na "matumizi yasiyo sahihi". Sijasaini. Wamenipa hadi Jumatatu.

#51 Mnyalu74
Chukua. Nyasi hazisubiri FCC.

#52 Mama Ukoka
Usisaini hilo neno, kaka. Pesa lipa ukitaka, lakini neno hilo usilisaini.

#53 Wakili Mtaani
Waambie wafute sentensi hiyo, iandikwe "pande zote mbili zimeafikiana bila kukiri kosa". Na injini mpya iwe na waranti yake mpya, tarehe mpya. Wakikataa, unajua wanachokiogopa. Malalamiko ya FCC andaa hata hivyo, usiyatume bado.

#54 FundiGerezani
Na vyuma vya zamani ondoka navyo. Konrodi, bolti zote mbili, krenki. Wasivibakize.

#55 Kihonda Juu
Konrodi wamenipa. Krenki wamesema ni ya kampuni.

#56 FundiGerezani
Krenki uliinunua kwa 1,150,000, mkuu. Jumatatu waulize ni ya kampuni tangu lini.

#57 Dereva wa Mikumi
Na ukirudi nayo, niambie basi gani. Nitaisimamisha mwenyewe kwenye buti.